Nyumba ya Mke wa Kwanza

Inspekta Evarista Bura alimfungua Supeet pingu ya mkono wa kulia, ile ya kushoto akaifunga kwenye mguu wa meza. Kijana hakulalamika. Alivuta kiti kwa goti, akakaa mbele ya kompyuta aliyoifanyia kazi miaka miwili katika ofisi ya Mgunga Mweupe Safari, hapo Karatu mjini, akasubiri kuambiwa la kufanya. Mkono wake uliokuwa huru ulijaa michubuko iliyoanza kukauka, kuanzia kiganjani hadi kiwikoni. Siku nne zilizopita, alipomkamata, Evarista alikuwa ameiandika michubuko ile kwenye jalada: mtuhumiwa ana alama za kupita msituni.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Kesho yake kijana huyu wa miaka ishirini na sita angesomewa mashtaka ya uhujumu uchumi, na kila aliyekuwa ndani ya ofisi ile alijua maana yake. Hakuna dhamana ya hapo kwa hapo. Ni rumande Arusha, kesi inatajwa inaahirishwa, inatajwa inaahirishwa, mpaka mtu aliyeingia na ndevu za kuhesabu anatoka na mvi. Evarista ndiye aliyemkamata, ndiye aliyeandika maelezo, na tangu jana jioni kulikuwa na kitu kinamchoma kama mwiba ndani ya soksi. Hakuwa ameiona kwa macho yake ile kazi aliyomkamatia mtu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumanne ya wiki iliyopita faru jike aliuawa ndani ya kreta, pembe ikakatwa, ndama wake akaachwa akizunguka mzoga. Askari wa hifadhi aitwaye Aloyce, aliyewakuta majangili wakitoka, alipigwa risasi ya paja. Madaktari walimkata mguu, na mpaka leo hajaweza kusema neno. Jangili mmoja alikamatwa Mang'ola, amejibanza kati ya magunia ya vitunguu juu ya lori, na hakutaka kubanwa sana. Alisema hawakuwahi kuonana na mtu. Waliambiwa tu wafungue tovuti ya Mgunga Mweupe, waende ukurasa wa kreta, waburuze kidole kwenye weupe ulio chini ya picha kubwa. Pale paliibuka tarakimu za mahali na saa: pale faru anapolala na ndama wake, na muda anaoamka.

Mtengenezaji wa tovuti alikuwa mmoja tu. "Kikulacho ki nguoni mwao," alisema Afande Gwandu, mkuu wa upelelezi wa wilaya, akimaanisha ile kampuni, akatia saini.

Supeet alikana. Programu ya kusanifia tovuti ilionyesha kwamba ukurasa wa kreta ulibadilishwa Jumapili, siku mbili kabla ya faru kuuawa, saa tisa na dakika kumi alasiri, kwa jina lake, kwenye kompyuta hii hii. Yeye alisema tangu Ijumaa hadi Jumatatu alikuwa kwao Kakesio. Lakini simu yake siku hizo zote ilisoma mnara wa Karatu. Alipoulizwa, alisema aliiacha kwa fundi abadilishe kioo. Fundi naye akasema simu anazo za kujaza debe, hakumbuki ipi ilikaa lini. Kakesio ni mbali na mafuta ya gari ni ya kupimiwa, kwa hiyo hakuna aliyekwenda. Mama mzazi si shahidi, alisema Gwandu, na wote wakakubali haraka kuliko ilivyostahili.

Kabla hajamgusa Supeet, Evarista alimhoji Edna, dada wa mapokezi. Edna alimwonyesha neno la siri la kuingilia kwenye programu: lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kaunta, tangu siku mwenye kampuni, Mzee Wilibrodi, alipolisahau mara ya tatu. Kila mtu alilijua. Akamuuliza Jumapili ile nani alikuwepo. Edna akahesabu kwa vidole. Mzee alikuwa Arusha. Yeye mwenyewe alitoka saa saba kwenda harusini. Madereva wote walikuwa na wageni.

"Alibaki kaka Lazaro tu," Edna alisema. "Gari lake lilikuwa gereji, limekata springi. Alishinda hapa anasikiliza redio ya madereva."

Alilisema kama mtu anayekuambia kwamba paka alikuwepo. Evarista hata hakuliandika. Habari ya ile springi aliijua; Lazaro aliilalamikia mezani kwake wiki nzima. Lazaro alikuwa kaka yake, mwongoza watalii wa Mgunga Mweupe kwa miaka ishirini, na siku ya kwanza ya kesi Evarista alimweleza Gwandu jambo hilo bila kufichaficha. Gwandu alicheka. Alisema akimwondoa kazini kila askari mwenye ndugu kwenye utalii, kituo cha Karatu kitabaki na mlingoti wa bendera.

"Fungua," Evarista alimwambia Supeet. "Anza na ukurasa wa mwanzo. Nieleze ninachokiona."

Kijana alishika kipanya. Skrini ikagawanyika: kulia ukurasa wenyewe na picha zake za twiga, kushoto orodha ndefu ya majina yenye vishale vidogo.

"Huku ni kama mgeni anavyouona," alisema. "Huku pembeni ni mifupa. Kila kitu kimo ndani ya kisanduku, na kila kisanduku kimo ndani ya kingine. Kinachobeba ni mzazi, kinachobebwa ni mtoto. Waliobebwa na mzazi mmoja ni ndugu. Ukimsogeza mzazi, watoto wanamfuata. Ukimfuta, wanafutika naye."

"Kwa hiyo kitu kikijificha kwenye ukurasa?"

"Kwenye ukurasa kinaweza kujificha, Afande. Kwenye orodha hakiwezi. Lazima kiwe na mzazi."

Alibonyeza kishale, orodha ikafunguka ngazi moja, kisha ya pili. Wasanifu wengine, alisema, huacha majina ambayo mashine inatoa yenyewe, kisanduku kumi na nne, kisanduku kumi na tano, mpaka mtu anapotea ndani ya kazi yake mwenyewe. Yeye alipanga kama boma la kwao la wafugaji. Ukurasa mzima aliuita Boma. Utepe wa juu, Lango. Sehemu ya katikati yenye picha, Zizi. Halafu nyumba: Mama wa kwanza, kulia kwa lango. Mama wa pili, kushoto kwa lango. Mama wa tatu, kulia tena. Ndani ya kila nyumba mlikuwa na Moto, yaani kichwa cha habari. Kitanda, yaani maneno yaliyolala chini yake. Na Ndama, kile kitufe cha kubonyeza, kwa sababu ndama ndiye anayefunguliwa.

Edna, aliyekuwa kwenye kaunta yake pembeni, hakujizuia kucheka. Alisema siku moja Supeet aliwaeleza ofisi nzima habari za maboma yake ya kwenye kompyuta mpaka chai ikapoa, na Mzee Wilibrodi akasema kumbe aliajiri fundi wa tovuti akapata mchungaji. Tangu hapo hakuna asiyejua kwamba visanduku vya Supeet ni nyumba za wake.

Evarista hakucheka. Alikuwa ameona kitu, akakiweka akiba. Yeye ni Mwiraqw, mkulima kwa mama na baba, lakini mambo ya boma aliyajua kidogo, na alivyojua yeye, nyumba ya mke wa kwanza ni ya kushoto. Hapa kijana ameweka kulia. Wakafungua ukurasa wa kambi, kulia tena. Akajiambia kwamba kijana amekaa mjini mpaka amesahau kwao.

"Sasa kreta."

Supeet alibonyeza, na mkono wake ukasimama.

Ukurasa huu, alisema polepole, aliuacha haujaisha Alhamisi alipoondoka. Mlikuwa na Lango na Zizi tu. Vingine vilikuwa bado na majina ya mashine. Lakini sasa kwenye orodha, chini ya Zizi, palikuwa na mstari ambao haukuwepo: Nyumba ya mke wa kwanza, kushoto kwa lango.

Evarista alimnyang'anya kipanya. Alibonyeza kishale cha nyumba ile, kikatoka Kitanda. Ndani ya Kitanda, Kitanda kingine. Ndani ya hicho, Ndama. Alipombonyeza huyo Ndama, mstari mwembamba wa bluu ulijichora upande wa pili wa skrini, ukazingira mahali palipokuwa peupe, pasipo na kitu. Akaburuza kipanya juu ya weupe ule. Tarakimu zikaibuka, nyeupe zilizoandikwa juu ya nyeupe, ndogo kama mayai ya chawa. Ilikuwa hesabu ya uhai wa faru na wa mguu wa Aloyce, imelazwa mtoto ndani ya mtoto ndani ya mtoto, na watu wa Ulaya walikuwa wakiipita juu kila siku wakitafuta bei ya hema.

Kisha akaona kile alichodhani ni ukweli, na akakisema kwa sauti, kwa sababu alitaka kukiona kikimpiga kijana usoni.

"Kwenye kurasa zile nyingine ulicheza. Hapa hukucheza. Hapa umepanga kama mtu wa boma hasa, mke wa kwanza kushoto. Mgeni angelijuaje hilo? Huu ni mkono wako, Supeet."

Kijana aliisoma ile orodha mara mbili. Akamtazama inspekta, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshikwa. Ulikuwa uso wa mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukinyanyua.

Wakati huo mlango ulifunguliwa, Lazaro akaingia na chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amevaa kizibao chake cha kaki chenye mifuko isiyo na idadi, kofia mkononi. Alimwita Evarista dasi, yaani binti kwa Kiiraqw, kama alivyomwita tangu alipokuwa akimbeba mgongoni, akamgombeza kwa kutoka nyumbani bila kula. Aliweka vikombe viwili mezani, kimoja cha dada yake, kimoja cha Supeet. Macho yake yalipita kwenye skrini yakarudi haraka. Akauliza kwa sauti ya chini kama kijana ameshakiri. Evarista akamjibu kwamba kazi inaendelea. Lazaro akamgusa begani, akaondoka. Wageni walikuwa wanamsubiri.

Alikuwa akimgusa begani hivyo tangu walipomzika baba yao. Mwaka ule Lazaro aliacha shule ili abebe mizigo ya wageni, na Evarista akaendelea na masomo. Cheo kilichokuwa begani mwake, kwa haki, nusu yake ilikuwa ya kaka yake, na hakuwahi kukataa kulisema hilo mbele ya watu.

Supeet alikuwa bado anautazama mlango. Chai hakuigusa.

"Afande," alisema, "nikisema mimi, utasema namsingizia mtu."

"Sema."

"Sisemi. Wewe nenda Kakesio. Ingia kwenye boma letu kwa lango la baba, ufuate ng'ombe wakirudi. Halafu usome tena jina la hicho kisanduku."

Evarista alichapisha ile orodha kwenye karatasi, akaikunja, akaenda nayo kwa Gwandu. Gwandu alimwambia kwamba mtuhumiwa anamchezea. Akamwambia pia kwamba ana hatari ya kuharibu kesi nzuri kwa kuikorogakoroga. Lakini Evarista alimuuliza swali moja: Supeet hajawahi kushuka kreta hata siku moja, sasa tarakimu za faru alizitoa wapi? Kwenye jalada waliandika mshirika hajajulikana, na mshirika asiyejulikana ni shimo lililofunikwa majani. Gwandu akamtupia ufunguo wa gari. Alisema saa mbili kesho asubuhi anampandisha kijana kizimbani, inspekta awe amerudi au hajarudi.

Aliendesha Koplo Inosenti, mtu wa Singida mwenye maneno mengi, ambaye mpaka wanafika Lodoare, lango la hifadhi, alikuwa ameshamweleza mara tatu kwamba kesi hii imeiva, haihitaji kuni zaidi. Juu ya ukingo ukungu ulikuwa mzito. Upande wao wa kulia kreta ilifunguka na kujifunga, na Evarista hakutazama chini. Aliwaza wanaoshuka mle kila siku. Hao ndio wanaomwona faru, na wakimwona huambizana kwenye redio ili kila gari liwahi. Mwenye redio anajua faru yuko wapi hata akiwa amekaa. Wazo lile lilipita mbele yake, akaliacha lipite.

Walifika Kakesio saa kumi na moja jioni, vumbi hadi kwenye kope. Mama yake Supeet, Nanyokie, alikuwa nje ya lango la boma, amesimama kama aliyekuwa akiwasubiri, na pengine ndivyo ilivyokuwa, maana habari hupanda pikipiki kabla ya polisi hawajawasha gari. Evarista alimwamkia shikamoo. Nanyokie aliitikia, kisha akasema Kiswahili chake cha kuokoteza minadani, kilichonyooka.

"Wewe ndiyo ulichukua mtoto yangu."

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye."

Nanyokie alitikisa kichwa, na alionekana kuridhika kwamba angalau hakudanganywa. Akamwelekeza akae juu ya gogo. Evarista alimuuliza maswali yake kwa utaratibu, Inosenti akiandika. Supeet alifika lini? Ijumaa, juu ya gari la mahindi. Kwa nini alikuja? Fisi alivunja lango usiku wa Alhamisi, akala mbuzi wawili, na baba wa boma ni mgonjwa wa miguu. Alifanya nini siku tatu? Nanyokie alinyoosha fimbo kuelekea langoni. Lango lilikuwa limejengwa upya. Miiba ya mgunga, mirefu kama kidole, imepangwa na kufumwa hadi kifuani, na kwenye matawi yaliyokatwa utomvu ulikuwa haujageuka mweusi.

Evarista aliinuka akalishika. Mwiba ukamchana kiganjani, mchubuko mwembamba unaofanana na ile aliyoiandika mwenyewe kwenye jalada. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumpandisha mtu joto masikioni. Alama za kupita msituni. Kijana alikuwa akijenga lango la mama yake.

Hapo ng'ombe wakaanza kurudi. Kengele zao zilitangulia, kisha vumbi, kisha wao. Evarista alitaka kuingia awaondokee njiani, Nanyokie akamshika mkono kumzuia. Mtu hatangulii ng'ombe. Walisubiri mpaka wa mwisho apite, ng'ombe mzee mwenye pembe moja, ndipo wakaingia nyuma yake, mama mbele, inspekta akifuata na ile karatasi mkononi.

"Mimi ni mke wa kwanza," Nanyokie alisema. "Onyesha mimi nyumba yangu."

Evarista alionyesha ya kushoto bila kusita.

"Hiyo ya mke mwenza. Yangu hii." Fimbo ilielekea kulia. "Wa tatu kulia tena, nyuma yangu. Hakuna boma ya baba yangu iko tofauti. Hakuna ya baba yake."

"Mimi nilifundishwa kushoto, mama."

"Alikufundisha akiwa amesimama wapi?"

Evarista hakulielewa swali, na Nanyokie akaona hivyo. Akamwongoza hadi katikati, kwenye ua wa zizi, akamgeuza kwa mabega kama mtoto anayevalishwa, mgongo uelekee ng'ombe na uso uelekee lango walilopitia. Inosenti alikuwa bado amesimama pale langoni na daftari lake, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Sasa nyumba ya Nanyokie ilikuwa mkono wa kushoto wa Evarista.

"Sisi tunahesabu tukiingia na ng'ombe," mama alisema. "Huyo mwalimu wako yeye anapokea wageni. Amesimama ndani, anatazama mlango. Huyo si mtu wa boma. Ni mtu wa kuonyesha boma."

"Na hamkumwambia anakosea?"

"Mtu akileta wageni, utamwambia mbele yao ni mjinga?"

Ng'ombe walikuwa wakijipanga nyuma yake, pumzi zao zikimfikia shingoni. Evarista alibaki amesimama vilevile, kwa sababu mahali pale alipapajua. Alikuwa na miaka ishirini, yuko likizo, na kaka yake alimpakia kwenye gari pamoja na Wajerumani sita akaone kazi inayomsomesha. Kwenye boma moja la kule juu ukingoni Lazaro alisimama hivi, mgongo kwa zizi, uso kwao wote waliokuwa langoni, akainua mkono wake wa kushoto. Nyumba ya mke wa kwanza, kushoto kwa lango. Alilisema kwa fahari hivi kwamba yeye dada yake alilibeba miaka kumi na nane kama amri ya kanisani. Wenye boma walikuwepo. Walitabasamu tu.

Alifunua karatasi. Supeet kote aliandika Mama, kama mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba hizo. Huyu mwingine aliandika mke, kama msimulizi.

Evarista aliogopa. Alifanya kile ambacho kazi ilimfundisha kufanya mtu akiogopa, akarudi mwanzo akapanga. Anayejua kwamba visanduku vya Supeet ni nyumba za wake: ofisi nzima. Anayesimama ndani ya maboma akitazama lango: waongoza watalii, nao ni wengi. Anayesikia kwenye redio mahali alipo faru: haohao. Aliyekuwa peke yake mbele ya kompyuta ile Jumapili saa tisa alasiri. Alijaribu kutia majina mengine. Alimtia Wilibrodi, alikuwa Arusha. Alimtia Edna, hajawahi kukanyaga boma. Aliwatia madereva mmoja mmoja, na wote walikuwa chini kreta na wageni. Kila alipofungua, ndani palikuwa na jina moja.

Kwa nini? Hakujua. Angejua kesho, na hakutaka kesho ifike. Alikumbuka tu kwamba tangu Aloyce apigwe risasi, Lazaro amekuwa akipika kila siku, lakini yeye mwenyewe hagusi chakula.

"Unamjua," Nanyokie alisema. Halikuwa swali.

"Namjua, mama."

"Ni nani yako?"

"Tumezaliwa na mama mmoja."

Nanyokie akaingia kwenye nyumba yake, ile ya kulia, akatoka na kibuyu cha maziwa, akammiminia. Hakusema pole. Alisimama karibu naye mpaka kikombe kilipoisha, akauliza jambo moja tu: kama mtoto wake atalala wapi kesho.

"Hapa," Evarista alisema. "Au njiani kuja hapa."

Kakesio penyewe mtandao haushiki. Inosenti alisema kuna kilima mwendo wa nusu saa ambako watu hupandia kupiga simu, na walikifikia jua likiwa limekwisha kuzama lakini njia bado inaonekana. Evarista alishuka, akainua simu. Kabla hajabonyeza namba, ikatetemeka mkononi mwake. Ujumbe wa saa kumi na mbili kasoro. Dasi, nasikia umekwenda Kakesio. Nimepika makande, niko kwako. Usichelewe, barabara ya huko mbaya.

Aliusoma mara moja, akampigia Gwandu.

Alimweleza kwa mpangilio, kama anavyoandika jalada. Michubuko na lango jipya. Redio ya ofisini. Jumapili saa tisa. Kulia na kushoto. Gwandu akauliza kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, kama anajua anachokifanya, maana kwa nyumba za wake hakimu atawacheka.

"Msimamishe popote unapotaka, Afande," Evarista alisema. "Muulize mke wa kwanza yuko upande gani wa lango. Atakwambia kushoto. Kisha muulize Jumapili ile alifungua ukurasa gani."

"Na yuko wapi sasa hivi?"

Inosenti aligeuka akatazama njia ya kurudi, upande wa Endulen.

"Yuko kwangu," Evarista alisema. "Msivunje mlango. Mkibisha hodi atafungua, atadhani ni mimi."